Halmashauri inasema kiwanja changu kina sakafu nyingi mno. Nifanye nini?

SWALI: Ninajenga kwenye kiwanja cha mita za mraba 500. Nyumba ni mita 16 kwa 10, yaani mita za mraba 160, na bati limetokeza sentimita 60 pande zote. Nimepanga pevingi mita za mraba 140 mbele na ubavuni, kuanzia ukutani. Jumla ni 300, asilimia 60 kamili, ambayo ndiyo kikomo cha halmashauri yetu. Nyuma ya nyumba mchoro una changarawe ya kushindilia juu ya kifusi, mita za mraba 45, ili kuzuia tope. Gari haliendi huko, na changarawe si sakafu. Mchoro umerudishwa: wanasema nina asilimia 76 ya eneo lisilopitisha maji, na wanataka mpango wa maji ya mvua. Hiyo 76 wameipata wapi? Wana haki gani kunipangia sakafu ndani ya uzio wangu? Fundi anasema tuchimbe shimo moja la mita kwa mita, tujaze mawe, mambo yaishe. Ni kweli?

JIBU: Asilimia 76 haikutoka hewani. Shika kalamu tuifuatilie, maana humo ndani kuna makosa yako mawili na, ninavyoona, moja la kwao.

Kosa lako la kwanza ni kupima nyumba kwa kuta. Mvua inakutana na bati kabla ya ukuta, kwa hiyo katika hesabu hizi nyumba hupimwa pale bati linapoishia. Sentimita 60 kila upande zinaifanya mita 16 kuwa 17.2, na 10 kuwa 11.2. Zidisha: karibu mita za mraba 193. Umepoteza mita 33 kwenye michirizi ya paa, na hukuziona kwa sababu kwenye mchoro ni mstari wa nukta nukta tu.

La pili ni changarawe. Neno lililokuponza si changarawe, ni "kushindilia". Kokoto zilizochekechwa, za saizi moja, zikimwagwa juu ya udongo ambao haujagongwagongwa, hunywa maji vizuri kabisa. Lakini changarawe yenye vumbi lake, ikiwekwa juu ya kifusi na kupitishiwa mashine, vumbi linajaza kila mwanya na udongo wa chini unabanwa. Mimina ndoo ya maji juu yake uone: mengi yatateleza kutafuta mteremko. Ndiyo maana halmashauri nyingi huihesabu sawa na zege, na mkaguzi hahitaji kufika kwako kuamua hilo. Anasoma kilichoandikwa kwenye mchoro.

Basi 193 na 140 na 45 ni 378. Gawanya kwa 500, unapata 75.6. Hiyo ndiyo 76 yao.

Sasa la kwao. Pevingi yako inaanzia ukutani, mbele na ubavuni. Maana yake ukanda wa sentimita 60 wa pevingi uko chini ya bati, na bati lilishahesabiwa. Upande wa mbele ni mita 16, ubavu ni mita 10, ukiongeza na kipande cha kona unapata mita za mraba 16 zilizohesabiwa mara mbili. Zidai. Chora ukanda huo kwa rangi, weka vipimo, andika "naomba eneo hili lihesabiwe mara moja". Niliwahi kukaa upande wa pili wa meza nikikagua michoro ya namna hii, na nakuhakikishia barua yenye hesabu husomwa kabla ya barua yenye hasira. Ukizipata hizo 16, unabaki na 362, asilimia 72. Bado umezidi kwa mita 62.

Najua utaniuliza: pevingi si ina mianya, mbona inahesabiwa yote? Kwa sababu pevingi ya kawaida hulazwa juu ya mchanga uliokazwa, mianya yake ikajazwa mchanga mwembamba, na mafundi wengine huipaka saruji kabisa ili majani yasiote. Maji yanayopenya hapo ni kidogo. Ipo pevingi ya kupitisha maji, nayo ni mfumo mzima: mianya mipana iliyojazwa kokoto ndogo, chini yake tabaka la kokoto safi zisizo na vumbi, chini kabisa udongo ulioachwa bila kushindiliwa sana. Tabaka hilo la chini ndilo linalofanya kazi, kwa kuwa linahifadhi maji yakisubiri kunywewa na ardhi. Mkiweka tofali la juu la aina hiyo juu ya kifusi kilekile cha zamani, mmenunua sura tu. Na hata ikijengwa vizuri huziba kwa vumbi na majani makavu, hivyo hutaka kufagiwa na kufyonzwa mara kwa mara. Kwa sababu hiyo baadhi ya mamlaka huikubali kwa nusu tu ya eneo lake, nyingine hudai ahadi ya matunzo kwa maandishi. Uliza ofisini kabla hujanunua, na jibu lao liwe kwenye karatasi.

Kuhusu haki. Uzio wako unazuia watu, hauzuii maji. Mita moja ya mraba ikipata mvua ya milimita moja, hiyo ni lita moja. Bati lako la mita 193 likipigwa na mvua ya milimita 50 linapokea lita 9,650. Ikinyesha hiyo yote kwa saa moja, na tukichukulia kwamba asilimia 90 inatiririka, gata zako zinamwaga karibu lita 2.4 kila sekunde. Ni sawa na ndoo ya lita 20 kujaa kila baada ya sekunde nane, saa nzima. Kabla hujajenga, udongo na majani vingenyonya sehemu kubwa ya maji hayo, na yaliyobaki yangetoka polepole. Sasa yanatoka karibu yote, tena kwa mkupuo. Hesabu ya namna hii, eneo mara nguvu ya mvua mara kiasi kinachotiririka, si ya leo: mhandisi wa Ireland, Thomas Mulvany, aliielezea katikati ya karne ya 19, na mpaka sasa ndiyo mkaguzi anayoanza nayo.

Mkupuo huo ndio unaoisumbua halmashauri. Mtaro wa barabarani ulijengwa kwa ukubwa fulani, kila kiwanja kinachosakafiwa kinauongezea maji, na unapofurika lawama haziji kwako. Kuna pia mito. Mwaka 1994 Mmarekani Tom Schueler alikusanya tafiti zilizofanywa kwenye vijito vya mijini, akaonyesha kwamba eneo gumu likifika kama asilimia 10 ya bonde zima, yaani ardhi yote inayomwagia kijito maji, kijito huanza kuharibika: kingo zinaliwa, maji yanapata joto, viumbe vinapungua. Angalia vizuri, ni asilimia 10 ya bonde, si ya kiwanja. Barabara, viwanja vya shule na mashamba vyote vimo ndani ya bonde, kwa hiyo usishangae sheria ya kiwanja kuruhusu 60.

Nchi mbalimbali zimelifikia jambo hili kwa njia zao. Marekani, sheria ya maji safi ya 1972 ililenga zaidi viwanda na mitambo ya majitaka. Marekebisho ya 1987 yakaingiza maji ya mvua, kanuni za 1990 zikaibana miji mikubwa, za 1999 zikashuka hadi miji midogo. Mji ukishabanwa na serikali kuu, nao humbana mwenye kiwanja, ambaye hana wa chini yake wa kumbana. Uingereza iliguswa na mafuriko ya 2007; tangu Oktoba 2008, mtu wa England anayetaka kusakafia zaidi ya mita tano za mraba za uwanja wa mbele kwa kitu kisichopitisha maji, huku maji yakielekea barabarani, anahitaji kibali cha mipango. Akitumia kinachopitisha maji, au akiyaelekeza maji kwenye bustani yake mwenyewe, hahitaji kibali. Ujerumani miji mingi hutoza ada ya maji ya mvua kwa kila mita ya eneo gumu linalomwaga kwenye mfereji wa umma, ukiachanisha bomba lako na mfereji ada inapungua. Na usidhani wenzetu hawa walipokea haya kwa furaha. Jimbo la Maryland lilipitisha mwaka 2012 sheria ya kulazimisha wilaya zake kubwa na jiji la Baltimore kutoza ada kama hiyo, wapinzani wakaibatiza "kodi ya mvua", na mwaka 2015 ulazima huo ukafutwa.

Maoni yangu mwenyewe: asilimia ni kipimo kibutu. Viwanja viwili vyenye asilimia 60 kila kimoja vinaweza kuwa tofauti kama usiku na mchana. Kimoja bati linamwaga kwenye bustani, kingine lina bomba la inchi nne moja kwa moja hadi mtaroni. Kinachoumiza jirani na mto ni hilo bomba. Ila asilimia inapimika kwa rula na mtu yeyote ofisini, na ndiyo maana haitaondoka. Usipoteze muda kubishana nayo. Punguza zile mita 62, kisha nguvu zako zipeleke kwenye ule mpango wa maji, maana hapo ndipo nyumba yako itakapopona au kuumia.

Kupunguza si kazi ngumu. Njia ya gari, kama ilivyo mara nyingi, ni mita 3.5 kwa 14: mita za mraba 49. Gari linakanyaga pale palipo na magurudumu tu. Weka mikanda miwili ya zege au pevingi, kila mmoja sentimita 60, katikati na pembeni nyasi au kokoto zisizoshindiliwa. Mikanda inachukua karibu 17, umeokoa 32. Zile 45 za nyuma ziondoe kabisa kwenye changarawe, kwa kuwa gari haliendi huko na shida yako ni tope tu. Udongo uliovishwa nyasi au mimea inayotambaa hautoi tope. Kutoka 362 unabaki na 285, asilimia 57, na umebakiza mita 15 za akiba. Akiba hiyo usiimalize leo. Siku utakapotaka kibanda cha gari au sehemu ya kuanikia nguo utaikumbuka.

Tuje kwenye shimo la fundi. Shimo la mita moja kila upande lina ujazo wa lita 1,000, lakini ukilijaza mawe, nafasi iliyobaki kwa maji ni kama asilimia 40, tena mawe yakiwa safi na ya saizi moja. Ni lita 400. Kwa lita zile 2.4 kila sekunde, shimo la fundi linajaa ndani ya dakika tatu kasoro. Baada ya hapo maji yanatokea juu, karibu na msingi wako, na sasa yana tope. Fundi hajakudanganya, huenda amezoea vibanda vidogo. Ili kuhifadhi milimita 25 za mwanzo za bati lote, ambazo ni lita 4,825, unahitaji shimo la mawe lenye ujazo wa mita 12, mfano mita 4 kwa 2 kwa kina cha 1.5. Hilo ni chimbo la kweli.

Kabla ya kuchimba chochote, uliza udongo. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kishuke hadi kina ambacho sakafu ya shimo au bustani itakuwa. Kijaze maji, yaache yaishe, kijaze tena, maana udongo mkavu hudanganya mara ya kwanza. Choma kijiti chenye alama, tazama maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Miongozo mingi ya Marekani hutaka angalau nusu inchi, karibu milimita 13 kwa saa. Ukipata chini ya hapo, hasa mfinyanzi unaong'aa ukiukata kwa jembe, achana na habari ya shimo; litageuka kuwa kisima cha mbu. Na ukikuta maji ya ardhini yanachuruzika ndani ya kishimo chenyewe, jibu umeshalipata bila kusubiri saa.

Udongo ukikubali, mimi ningegawa bati mara mbili. Gata ya nyuma ipeleke maji kwenye bustani ya mvua, pale pale tulipoondoa changarawe. Bustani ya mvua ni bonde dogo lenye mimea, si bwawa: mita za mraba 20, kina cha sentimita 15, sakafu yake ikiwa tambarare kabisa. Inabeba lita 3,000, na nusu ya bati lako kwa milimita 25 inaleta kama 2,400. Wazo hili lilianza kutumika kwenye viwanja vya makazi huko wilaya ya Prince George's, Maryland, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bado sijaona kitu rahisi kukishinda. Iwe mita tatu au zaidi kutoka kwenye nyumba, maji yaishe ndani ya siku moja au mbili, na iwe na mdomo wa kutokea uliojengwa kwa mawe upande usio wa jirani, kwa sababu mvua kubwa kuliko hesabu zako lazima itakuja. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mafundi kupitisha toroli na kumwaga zege humo wakati wa ujenzi. Zungushia kamba tangu siku ya kwanza. Udongo ukishakanyagwa mwezi mzima, kile kipimo cha kishimo hakina maana tena.

Gata ya mbele ipeleke kwenye shimo la mawe, sasa la nusu ile, mita 3 kwa 2 kwa kina cha mita 1. Mwongozo wa ujenzi wa England hutaka shimo la namna hii liwe angalau mita tano kutoka kwenye jengo, na ni kipimo kizuri hata kama kwenu hakijaandikwa. Kabla maji hayajaingia shimoni, yapite kwenye chemba yenye wavu na nafasi ya mchanga kutulia, yenye kifuniko unachoweza kukiinua kwa mkono mmoja. Chemba isiyofunguka haisafishwi, na shimo lisilosafishiwa mlango huziba ndani ya miaka michache. Mawe yazungushie kitambaa cha kuchujia ili udongo usiingie kwenye mianya.

Kama unafikiria tangi badala ya shimo, vizuri, lakini ujue mkaguzi ataliangaliaje. Tangi lililojaa halizuii hata tone. Watu hulijaza wakati wa mvua za mwanzo, wakalitunza kama dhahabu, kisha mvua kubwa inapokuja yote inapita juu. Ili lihesabike kwenye mpango wako, toboa tundu dogo lenye bomba jembamba katikati ya kimo chake: nusu ya chini ni akiba yako, nusu ya juu hujaa wakati wa mvua na kujitoa polepole kwa saa kadhaa.

Jambo la jirani hukuliuliza, nalo ndilo lenye kesi nyingi. Kibali cha halmashauri hakikupi ruhusa ya kumwagia mwenzako maji. Suala hili ni la kale. Warumi walikuwa na shauri maalumu la kumzuia mwenye ardhi ya juu aliyebadilisha mkondo wa maji ya mvua. Kanuni ya kiraia ya Ufaransa ya 1804 inalisema kwa kifungu cha 640: ardhi ya chini hupokea maji yanayoshuka yenyewe, bila mkono wa binadamu. Kifungu cha 681 kinaongeza kwamba paa lazima limwage kwenye ardhi ya mwenyewe au kwenye njia ya umma, si kwa jirani. Nchi nyingi zina kitu cha mwelekeo huo. Sakafu yako ya ubavuni ni mkono wa binadamu. Kwa hiyo ipe mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kuelekea mbele au kwenye majani, usiuelekeze kwenye ukuta wa mpaka, wala usiache matundu chini ya ukuta huo ukidhani hakuna atakayeona.

Unaporudisha mchoro, mkaguzi anataka kuona mambo machache tu kwa macho: jedwali la maeneo, mishale ya mteremko, mahali bomba za gata zinapotua, ukubwa wa bustani na shimo pamoja na matokeo ya kishimo chako, na njia ya maji ya ziada. Halmashauri nyingine zitataka utie saini hati ya matunzo inayoambatana na kiwanja, hata ukiuza. Isome kabla ya kusaini, hasa kipengele cha nani hulipa wakija kusafisha wao.

Na mvua inayofuata, kabla msingi haujafukiwa, chukua mwavuli na simu, simama kwenye kona nne za kiwanja, moja baada ya nyingine. Piga picha maji yanapoingilia na yanapotokea. Kama kuna maji ya kutoka kiwanja cha juu yanayopita kwako, mpango wote niliouandika hapa unahitaji njia ya kuyapitisha, maana hesabu yangu ni ya bati lako na pevingi yako tu. Picha hizo zibandike kwenye barua ile ile ya mita 16.